Tope la Minamata: Shahidi Aliyelala Chini ya Bahari

Wazee wetu husema njia ya mwongo ni fupi. Lakini iko nchi moja ya mbali ambako njia hiyo ilikuwa ndefu sana. Ilichukua miaka 12, na watu wengi waliharibika viungo na akili kabla haijafika mwisho. Shahidi aliyesema kweli hakuwa mtu. Alikuwa tope la chini ya bahari. Leo tunataka kuwasimulia habari zake, na namna watu walivyojifunza kumwuliza.

Mambo haya yalitokea Japani, katika kisiwa cha Kyushu, kwenye mji mdogo uitwao Minamata. Mji huo uko kando ya ghuba iliyotulia, ndani ya bahari ya Shiranui. Wenyeji wengi wa pwani ile walikuwa wavuvi. Samaki ndiye aliyekuwa mboga yao na fedha yao. Kaka na kome waliokotwa hata na watoto wakati maji yanapopwa. Katika mji huohuo kilikuwapo kiwanda kikubwa cha kompani iliyojulikana baadaye kwa jina la Chisso. Tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitengeneza asetaldehaidi, kitu ambacho hutumika kutengenezea asidi ya siki na vitu vya plastiki. Ili kazi hiyo iende upesi, walitumia zebaki. Maji machafu ya kiwanda yalipita katika mfereji na kuingia moja kwa moja katika ghuba, mahali paitwapo Hyakken.

Paka wanaocheza

Katika miaka ya kwanza ya 1950 watu waliona mambo ya ajabu. Samaki walielea juu ya maji wakiwa nusu wafu. Kunguru walianguka kutoka angani. Paka walianza kuyumbayumba, kuzunguka kama wenye kucheza ngoma, kisha wakatumbukia baharini na kufa. Wengine walicheka. Lakini panya walipoongezeka nyumbani kwa kukosa paka, kicheko kikaisha.

Kisha zamu ikawa ya watu. Mwezi wa Aprili 1956 watoto wawili wa nyumba moja, dada na mdogo wake, waliletwa katika hospitali ya kiwanda. Hawakuweza kutembea vizuri wala kusema vizuri, na mikono yao ilitetemeka. Mganga mkuu wa hospitali ile alikuwa Hosokawa Hajime. Tarehe 1 Mei 1956 habari ilipelekwa kwa wakubwa wa afya kwamba ugonjwa usiojulikana wa ubongo umetokea Minamata. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa mpaka leo kuwa mwanzo wa habari ya ugonjwa ule.

Kwanza watu waliogopa kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Wagonjwa walitengwa, nyumba zao zikamwagiwa dawa, na majirani hawakutaka kupokea fedha mikononi mwao. Hivyo maskini wale walipigwa mara mbili: na ugonjwa, na tena na watu.

Kutafuta sumu isiyo na jina

Serikali ya jimbo iliomba msaada wa waganga wa Chuo Kikuu cha Kumamoto. Mwezi wa Novemba 1956 waganga hao walikwisha kuona kwamba hauambukizi. Ni sumu ya namna ya metali nzito, walisema, nayo inaingia mwilini kwa njia ya samaki na kaka wa ghuba ile. Ndiyo, lakini metali gani? Maji ya kiwanda yalikuwa na nyingi. Walidhani ni manganizi. Wakadhani ni seleniamu. Wakadhani ni thaliamu. Kila moja ilipatikana, lakini hakuna hata moja iliyoleta ugonjwa uliofanana kabisa na ule wa Minamata.

Na zebaki je? Hapo mwanzo wachache tu waliifikiria. Zebaki ni mali ya bei kubwa. Nani atatupa mali yake baharini? Tena kompani haikutaka kueleza wazi vitu inavyotumia ndani ya kuta zake. Basi wachunguzi walikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo katika nyumba ya mwingine, usiku, bila taa.

Njia ilifunguliwa na kumbukumbu ya zamani. Mwaka 1940 waganga wa Uingereza walikuwa wameandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha dawa ya mbegu, walioathirika kwa zebaki ya namna ya pekee iitwayo zebaki ya methili. Wagonjwa wale hawakuona vizuri pembeni, hawakusema vizuri, na mwendo wao ulikuwa wa kuyumba. Mwaka 1958 mganga mmoja Mwingereza, Douglas McAlpine, alifika Minamata, akawaona wagonjwa, akakumbuka habari zile. Huko Kumamoto naye Takeuchi Tadao, aliyechunguza bongo za waliokufa, aliona alama zilezile. Basi sasa walijua kitu cha kutafuta. Ilibaki kujua kinatoka wapi.

Namna ya kumwuliza tope

Hapa, ndugu msomaji, ndipo tope linapoingia katika habari yetu. Kwa nini kupima tope, wala si maji? Sababu ni rahisi. Maji hupita. Ukichota leo asubuhi, maji ya jana yamekwisha kwenda. Mwenye kiwanda akisikia kwamba wachunguzi wanakuja, aweza kufunga mfereji siku ile, na maji yataonekana safi. Lakini zebaki haipendi kubaki peke yake ndani ya maji. Hushikamana na vumbi laini la udongo na mabaki ya vitu vilivyooza, ikatua chini pamoja navyo. Mwaka kwa mwaka tabaka hulalia tabaka, kama vitabu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: la chini ni la zamani, la juu ni la jana. Tope halijui kufunga mfereji.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mtu hupanda mtumbwi, hushusha chini chombo cha kukamata tope, au husukuma bomba ndani yake apate kulitoa likiwa na matabaka yake. Huandika mahali alipochukua na umbali kutoka kwenye mfereji. Tope halikaushwi kwa moto mkali, maana zebaki hugeuka mvuke na kuruka, na mpimaji atabaki na tope lisilo na kosa. Kisha hupimwa uzito, likachemshwa katika asidi kali ndani ya chupa yenye kurudisha mvuke, mpaka metali itoke katika udongo na kuingia katika maji ya asidi.

Zamani zile kipimo kilikuwa rangi. Iko dawa iitwayo dithizoni, ambayo rangi yake ni kijani. Ikikutana na zebaki, hugeuka kuwa ya machungwa. Kwa kulinganisha rangi hiyo na rangi za chupa ambazo kiasi chake kinajulikana, mpimaji hujua ni zebaki kiasi gani. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 ilienea njia nyingine iliyo nyepesi zaidi: zebaki hutolewa katika maji kama mvuke baridi, ikapitishwa katika bomba la kioo, na mwanga usioonekana kwa macho hupigwa ndani yake. Mvuke hula sehemu ya mwanga huo. Kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo zebaki ilivyo nyingi.

Lakini chombo kizuri hakitoshi. Lazima na uaminifu. Mpimaji mwema hupima pia chupa isiyo na tope, apate kujua kama asidi yake au vyombo vyake vyenyewe havina zebaki. Hupima tope la mahali pasipo na kiwanda, apate kujua kiasi cha kawaida, kwa kuwa kila udongo wa dunia una metali kidogo ndani yake. Wala halinganishi mchanga na tope laini, maana tope laini hushika metali kuliko mchanga. Hupima mara ya pili na ya tatu. Bila mambo hayo, namba ni neno tupu.

Namba zilizoonyesha mlango

Mwaka 1959 wachunguzi wa Kumamoto walipima tope la ghuba ya Minamata. Katika tope la bahari isiyochafuliwa, tani moja haina hata gramu moja ya zebaki. Karibu na mfereji wa Hyakken walikuta gramu 2,010 katika tani moja. Hiyo ni kilo mbili na zaidi! Kadiri walivyokwenda mbali na mfereji, ndivyo kiasi kilivyopungua. Mtu asiyejua kusoma angeweza kufuata namba hizo kama anayefuata moshi mpaka kwenye moto, naye angefika mlangoni pa kiwanda.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa kompani yenyewe, bila kutaka. Mwezi wa Septemba 1958 ilikuwa imegeuza njia ya maji machafu, yasiingie tena Hyakken bali mdomoni mwa mto Minamata. Muda si muda wagonjwa wapya walitokea upande ule wa mto, mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa kwanza. Nywele za watu zilipimwa nazo. Mgonjwa mmoja alikuwa na zebaki sehemu 705 katika milioni, hali watu wa mbali na ghuba walikuwa na chache tu.

Tarehe 22 Julai 1959 waganga wa Kumamoto walitangaza: kisa cha ugonjwa ni zebaki ya namna ile ya pekee. Tungedhani sasa mambo yamekwisha. La, hayakwisha.

Paka wa 400

Mganga Hosokawa, yule wa hospitali ya kiwanda, naye alikuwa akichunguza kwa njia yake. Aliwalisha paka vyakula vya namna nyingi. Mwezi wa Julai 1959 alichukua maji machafu yaliyotoka penye kazi ya asetaldehaidi, akayatia katika chakula cha paka mmoja aliyeandikwa namba 400. Mwezi wa Oktoba paka huyo alianza kutetemeka na kuyumba, sawasawa na paka wa wavuvi.

Hosokawa akaenda kuwaambia wakubwa wake. Wakamkataza kuendelea, wala habari ile haikutangazwa. Fikirini dhamiri ya mtu huyo. Mshahara wake ulitoka kwa kompani. Wagonjwa walikuwa wake. Alinyamaza. Baada ya miaka 11, mwezi wa Julai 1970, alipokuwa amelala hospitalini na ugonjwa wa kansa, alitoa ushahidi mbele ya waamuzi na kueleza habari za paka wa 400. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule akafa. Hatumsifu kwa kunyamaza kwake, wala hatuwezi kusahau kwamba mwishowe alisema.

Miaka tisa ya bure

Upande wa kompani na rafiki zake walitoa maelezo mengine. Mara walisema ni baruti zilizotupwa baharini vita vilipokwisha; mara walisema ni samaki waliooza. Mwezi wa Novemba 1959 baraza la wataalamu wa Wizara ya Afya lilikubali kwamba kisa ni zebaki, lakini halikusema imetoka wapi. Na kesho yake kikundi kilichofanya uchunguzi kikavunjwa.

Tarehe 30 Desemba 1959, wakati familia za wagonjwa hazina hata chakula cha mwaka mpya, zilitia sahihi mapatano. Kompani ilitoa fedha za huruma: yen 300,000 kwa kila aliyekufa, na yen 30,000 kwa mwaka kwa mtoto mgonjwa. Lakini ndani ya karatasi liliwekwa neno hili: hata ikijulikana baadaye kwamba maji ya kiwanda ndiyo kisa, wagonjwa hawataomba tena. Mwaka 1973 waamuzi wa Kumamoto walisema mapatano hayo si kitu, kwa sababu yanapingana na adili, wakaiamuru kompani kulipa.

Basi zebaki iliendelea kumwagika. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ulitokea katika jimbo la Niigata, upande mwingine wa Japani, kwa sababu ya kiwanda kingine chenye kazi ileile. Mwezi wa Mei 1968 Chisso iliacha kutengeneza asetaldehaidi kwa zebaki. Wakati huo viwanda vilikuwa vimekwisha kupata njia mpya ya kuitengeneza kwa mafuta ya petroli. Na tarehe 26 Septemba 1968, miezi minne tu baada ya mfereji ule kutokuwa na faida tena, serikali ilitangaza kwamba kiwanda ndicho kilicholeta ugonjwa. Tope lilikuwa limekwisha kusema hivyo tangu 1959. Hesabuni wenyewe: miaka tisa.

Ushahidi wa kitovu

Liko jambo moja ambalo akina mama watalifahamu kuliko sisi. Katika Minamata walizaliwa watoto wenye viungo vilivyopinda, wasioweza kusema wala kushika kijiko, na huku mama zao walionekana wazima au waliumwa kidogo tu. Waganga wa zamani zile waliamini kwamba tumbo la mama humkinga mtoto na sumu. Kumbe zebaki ya methili hupita. Mwaka 1962 ilikubaliwa kwamba watoto wale waliathirika kabla ya kuzaliwa. Mtoto alikuwa amepokea sumu, na mama akapunguziwa yake.

Sasa, Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto, kikiwa kimekauka, katika kisanduku kidogo. Sisi tunakizika, wao wanakiweka. Katika miaka ya 1970 Mganga Harada Masazumi na wenzake waliomba vipande hivyo kwa familia za pwani ile, wakavipima. Zebaki ilipanda katika vitovu vya miaka ambayo kiwanda kilifanya kazi kubwa, ikashuka kazi ilipopungua. Hivyo vitu viwili viliandika habari ileile bila kuonana: tope chini ya bahari, na kitovu ndani ya kisanduku cha mama.

Kulizika tope

Mfereji ulikuwa umefungwa, lakini tope lilibaki. Hesabu za baadaye zinaonyesha kwamba kiwanda kilimwaga kati ya tani 70 na 150 za zebaki, au zaidi. Ni tope la kiasi gani lililopaswa kuondolewa? Hapo tena palihitajika kipimo. Wataalamu waliangalia kupwa na kujaa kwa maji, na kiasi cha zebaki inayoweza kutoka katika tope na kurudi majini, wakakata shauri: tope lenye zaidi ya gramu 25 za zebaki katika tani moja lisiachwe mahali pake. Kazi ilianza mwaka 1977. Wenyeji walioogopa kwamba kulichokoza tope kutaamsha sumu walikwenda mbele ya waamuzi, na kazi ikasimama mpaka 1980. Ikamalizika mwaka 1990. Kiasi cha meta za kibo milioni moja na nusu za tope kilifyonzwa au kufunikwa nyuma ya kuta za vyuma, na juu yake likawekwa jalio la udongo safi. Hivyo ilipatikana nchi mpya ya hektari 58. Gharama yake ilikuwa yen bilioni 48 na nusu.

Mdomoni mwa ghuba palikuwa pamewekwa nyavu tangu 1974, samaki wenye sumu wasitoke. Ziliondolewa mwaka 1997, samaki walipopimwa na kuonekana kuwa chini ya sehemu 0.4 katika milioni. Leo juu ya tope lile iko bustani, na watu hutembea humo. Lakini zebaki haiozi. Iko palepale chini ya miti, na kuta za vyuma zinazeeka. Kwa hiyo kazi ya kupima haina siku ya mwisho.

Na wagonjwa? Zaidi ya 2,200 walikubaliwa rasmi katika majimbo ya Kumamoto na Kagoshima, na makumi elfu wengine walipewa msaada kwa mapatano ya mwaka 1995 na sheria ya mwaka 2009. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Japani ilisema kwamba hata serikali yenyewe ina kosa, kwa kuwa iliweza kuzuia nayo haikuzuia.

Na sisi je?

Labda msomaji atasema: bahari iko mbali na sisi, na viwanda vya namna ile hatuna. Kweli. Lakini zebaki iko. Katika Ituri na Kivu wako wachimbaji wadogo wanaoitumia kukamata dhahabu. Huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma lile donge, na mvuke huingia kifuani mwa mchimbaji na wa mke wake aliye jikoni. Ile inayobaki humwagwa mtoni. Mto una tope kama bahari. Na ndani ya tope lisilopata hewa, wadudu wadogo wasioonekana waweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili. Toka hapo huingia kwa samaki mdogo, samaki mkubwa humla mdogo, na mtu huwala wote wawili.

Mwezi wa Oktoba 2013 wajumbe wa mataifa walikutana Kumamoto, wakatia sahihi mapatano ya kupunguza zebaki duniani, ambayo yalianza kushika nguvu tarehe 16 Agosti 2017. Yanaitwa Mapatano ya Minamata. Ndani yake, nchi zenye uchimbaji wa namna hiyo kwa wingi zinapaswa kufanya mpango wa kuupunguza, hasa kukomesha kuchoma zebaki katika makao ya watu.

Wachimbaji wetu si kompani tajiri. Wengi wanatafuta karo ya shule ya watoto. Hatuwahukumu. Lakini wavuvi wa Minamata nao walikuwa wakitafuta chakula tu, na sumu haikuwauliza nia yao. Kama kando ya mto wenu inachomwa dhahabu, ulizeni kwa mkuu wa afya na kwa walimu wa chuo kama tope lake limepimwa, na namba zake zikipatikana, zisomwe mbele ya watu wote, bila kufichwa sandukuni. Usingojeni paka waanze kucheza.